Mabinti Watano wa Lodi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa shule alinipokea ofisini kwake na chaki moja. Akaivunja katikati, nusu akanipa, nusu akairudisha mfukoni. "Ukiimaliza hiyo, njoo," akasema. "Kidato cha tatu wanakusubiri. Historia." Nilikuwa nimeshuka kwenye treni asubuhi ile ile, vumbi la njiani bado limo kwenye nywele. Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, na mimi binti wa Kifipa niliyetoka chuoni nikijiona najua kila kitu.

Nyinyi mnaoanza ualimu leo na simu zenu mkononi, niwaambie kazi ilivyokuwa. Muhula ukianza unaandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada zote utakazofundisha. Halafu kila kipindi kina andalio la somo, linaloeleza utaanzaje na utamalizaje. Mwalimu wa taaluma, msimamizi wa masomo yote shuleni, aliyasoma maandalio yangu na kalamu nyekundu mkononi, na sijawahi kuona mtu anayependa wino mwekundu kama yule. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilikaa kwangu.

Mada niliyokabidhiwa ilikuwa mapinduzi ya kilimo Uingereza, karne ya kumi na nane. Kitabuni palikuwa na picha ya bwana mmoja mkubwa na familia yake: wigi jeupe, soksi mpaka magotini, mbwa miguuni. Cheo alikirithi kwa baba yake, na kiti chake bungeni vilevile. Alizungushia uzio ardhi waliyokuwa wakilima wanakijiji, nao wakaenda kutafuta kazi viwandani. Nilieleza yote hayo kwa Kiingereza, kama utaratibu ulivyotaka, darasa likanitazama kama ng'ombe wanavyotazama treni. Nikafunga mlango, nikaanza upya kwa Kiswahili. Wakamwita Lodi, kutokana na 'Lord' ya kitabuni, na tangu siku hiyo akawa mwenyeji wa Mpanda.

Tukawa tunamwigiza. Madawati yalikuwa mashamba yake, wigi tulilitengeneza kwa gunia la katani lililofumuliwa. Mtoto wa kwanza wa kiume alirithi madawati yote, wa pili akapelekwa jeshini, wa tatu kanisani. Hayo waliyaelewa upesi. Walikwama kwenye ndoa. Kitabu kilisema Lodi alikuwa na mabinti watano, na kwenye jaribio karibu nusu ya darasa waliandika kwamba alitajirika kwa kuwaoza. Watoto wa wafugaji hao! Nikawaeleza kwamba kule binti ndiye anayeondoka na mali ya baba yake, na anayeoa ndiye anayepokea. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Aliyebaki bila kucheka alikuwa Nkwimba, msichana wa Kisukuma kutoka Magamba, ambaye baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Akanyoosha mkono. "Madam, wa kiume wametajwa majina wote watatu. Wa kike wanaitwa nani?"

Nikatazama kitabuni. Palikuwa na maneno mawili tu, mabinti watano. "Hawakutajwa," nikamjibu. Akakaa polepole. Nilimpenda mtoto yule tangu hapo, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka uliofuata, Nkwimba akiwa kidato cha nne na mtihani wa taifa umekaribia, mkuu wa shule aliniita ofisini. Nikamkuta mzee mrefu, kofia pajani, fimbo katikati ya magoti. Baba yake Nkwimba.

"Mayu, nimekuja chukua mtoto," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Watu wa Inyonga wameleta ng'ombe. Ziko zizini kwangu tayari."

"Mzee, mtihani ni mwezi ujao," mkuu wa shule akamsihi. "Mwache amalize."

"Ng'ombe za watu hazingoji mtihani, mwalimu mkubwa."

Mkuu wa shule akanitazama, nami machozi yalikuwa karibu. Nikamwomba mzee kitu kimoja tu, kipindi changu kiishe ndipo amchukue. Akakubali. Badala ya kungoja nje, akanifuata darasani akakaa dawati la nyuma.

Tulikuwa tunarudia mada ya Lodi. Siku hiyo Lodi alikuwa Nkwimba mwenyewe. Alimwona baba yake, akavaa wigi hivyo hivyo, akawaita wanawe watatu kwa majina, akawagawia. Kisha akawageukia wasichana watano waliosimama ukutani. "Nanyi mtatafutiwa waume, na mali mtaondoka nayo."

"Anatoa mtoto na mali juu?" mzee akapaza sauti. "Bwana huyo karogwa!" Darasa likaangua kicheko. Kicheko kilipotulia akauliza, "Sasa mbona hao wa kike hajawaita majina?"

"Hayamo kitabuni, baba."

"Baba yao aliyasahau?"

"Walioandika hawakuona haja, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Huyo si mtu. Mimi watoto wangu wote, hata gizani nawajua kwa kikohozi."

Nkwimba akavua wigi. "Na watu wa Inyonga, baba, wanajua mimi naitwa nani?"

Mzee aliitazama fimbo yake. "Waliuliza kama una nguvu ya kulima," akasema. "Jina hawakuuliza."

Akavaa kofia akatoka, peke yake. Ng'ombe wale aliwaswaga mwenyewe kuwarudisha Inyonga, na mfugaji yeyote atakuambia ile ni aibu ya namna gani mbele ya watu. Siku ya kupita mjini nao, alimtuma mtu shuleni. "Mwambie mayu awape majina wale mabinti. Mtoto hakai bila jina."

Basi tukawapa: Kabula, Wande, Tatu, Stella na Milembe. Niliyaandika kwenye andalio la somo. Mwalimu wa taaluma akayazungushia wino mwekundu, akauliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia Magamba. Akayaacha.

Baadaye nilihamishiwa Inyonga, kisha Mwese, ambako nilistaafu nikiwa makamu mkuu wa shule. Nikiulizwa nimepata nini kwenye kazi hii, huwa nacheka, maana nyumba yangu mnaiona. Ila mwaka jana nilikwenda Mpanda kumtembelea mwalimu mmoja wa historia. Nilikaa dawati la nyuma, nikamwona akiandika ubaoni Lodi na wanawe watatu, na chini yao Kabula, Wande, Tatu, Stella, Milembe.

Mwanafunzi akanyoosha mkono. "Madam Nkwimba, hayo majina matano mbona kwenye kitabu hayapo?"

"Hayapo," akasema Nkwimba. "Andikeni."