Nilimfunga Punda Kichwa Ili Asionekane Anaumwa

Punda nilimwua mimi. Majirani wanasema ni mapenzi ya Mungu, nami nawaacha waseme. Ninyi msionijua ndio nawaambia ilivyokuwa.

Naishi Buzebazeba, karibu na ziwa. Mwanangu alipofariki aliniachia binti yake, Zaituni, na punda jike wa mkokoteni, jina lake Tausi. Tausi alibeba dagaa na mihogo kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha mizigo. Kwa mgongo wake tulikula, na Zaituni akaenda chuo cha mifugo.

Zaituni aliporudi likizo alisimama mlangoni akamtazama Tausi akiingia uani.

"Bibi, Tausi anaumwa mguu wa mbele, wa kushoto."

"Umemwona anachechemea?"

"Bado. Lakini akikanyaga mguu ule kichwa kinapanda, akikanyaga wa kulia kinashuka. Anaukwepa uzito."

Akamkimbiza mchakamchaka barabarani, akampiga video kwa simu, akaipunguza mwendo, akaniletea. Punda alikuwa kama anaogelea. Kichwa juu, kichwa chini. Niliona. Nisiwadanganye kwamba sikuona.

Nikamjibu, "Mimi nimefuga punda kabla baba yako hajaota meno. Simu ndiyo inifundishe?"

Nikamchukua Tausi hadi ufukweni, nikamtembeza mchangani. Akatembea kama bibi harusi. "Haya, mgonjwa wako yuko wapi?"

"Bibi, mchanga ni godoro. Hata wewe ukiwa na kidonda cha unyayo, mchangani utajikaza, kwenye lami utajulikana. Kwato lina kitu ndani. Tumwite daktari wa mifugo, na apumzike."

Kupumzika ndiko sikukutaka. Dagaa walikuwa wengi, na ukikosekana mwaloni siku chache tu wachuuzi wanahamia kwa mwingine. Nikamwambia anyamaze, punda wa kazi hatangaziwi ugonjwa mbele ya wateja. Akarudi chuoni. Siku anaondoka aliniambia, "Bibi, huyu ndiye wa baba tuliyebaki naye."

Kichwa kikazidi kupanda na kushuka. Mwaloni mchuuzi mmoja wa Kasingirima akaanza utani. "Bibi, punda wako ana adabu kuliko wajukuu zetu, anaitikia shikamoo ya kila mtu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikafupisha kamba, nikamfunga kichwa kwenye mti wa mkokoteni, kisipande wala kisishuke.

Hapo ndipo nilipokosa. Kama nisingejua, pengine ningesamehewa. Nilijua. Mnyama hana mdomo wa kusema, alikuwa na kile kichwa tu, nami nikakifunga. Watu wakaona punda mzima, na baada ya muda hata mimi nikaanza kumwona mzima.

Alianguka mteremkoni na magunia ya mihogo, hakuinuka tena. Ndipo nikamwita daktari wa mifugo, akalichonga kwato, ukatoka usaha mweusi. Akasema umeshaingia mfupani. Kumbe ni kijiwe tu kilichopenya.

"Mngeniita mapema, mama, ningekitoa kwa kisu hikihiki."

Akamchoma sindano ya kumpumzisha. Nilikuwa nimemshika kichwa. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Nakula, naswali, nalala, basi.

Zaituni akapiga simu. "Alianza lini kuchechemea?"

"Hakuchechemea."

"Na kichwa?"

Nikamwambia nilichofanya. Akasema, "Haya, Bibi." Idi imepita hajaja. Kuku wanatagia ndani ya mkokoteni.

Wewe mwenye punda, au farasi kama unaye, usingoje achechemee. Mkimbize kwenye ardhi ngumu, kamba ilegee, simama pembeni utazame kichwa. Kikiruka kila akikanyaga mguu fulani wa mbele, mguu huo ndio unaouma. Macho yako yakishindwa, mtu akupigie video, uiangalie taratibu, uiamini. Na anayekuambia akiwa ni mtoto uliyemlea, msikilize vivyo hivyo.

Siku hizi nakaa barazani natazama punda wanaopita. Nikimwona anayeinua kichwa namwita mwenye punda, namwambia. Wengine wananitukana, wananiita mchawi. Kesho yake wakipita nawaambia tena.