Masika Mama Alipokatazwa Mbaazi

Harufu ya makopa, ile ya muhogo mkavu uliokaa ghalani mpaka ukaanza kuvunda kidogo, ndiyo harufu ya masika ya utoto wangu. Mvua ikikolea kwetu, vilimani nyuma ya Lindi, ghala hubaki vumbi tupu, na shambani ndipo palizi imepamba moto. Mama aliamka kabla ya adhana, akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, akashika jembe. Jioni alisonga ugali, akampakulia baba na wageni wake barazani, kisha sisi watoto jikoni. Yeye alikwangua sufuria. Kwetu mwanamke anayejipakulia mapema huitwa mlafi, na mama yangu aliliogopa neno hilo kuliko njaa yenyewe.

Masika yale, nikiwa darasa la tatu, mama alibadilika. Yeye aliyezoea kututania mpaka tunapaliwa, akawa anafoka kijiko kikianguka. Aliingia ndani akasahau alichofuata. Shambani alikaa kwenye tuta akilia, na ukimwuliza analilia nini, hajui. Nilimwogopa mama yangu, na hilo liliniuma kuliko kofi. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetoa hukumu: "Kaka, mkeo amepandwa. Mtafutie mtu."

Baba alimpenda mama. Sitaki mtu amdhanie vibaya. Akaleta mganga, mzee mpole, aliyefukiza ubani na kumpa mama mwiko: asile samaki, asile mayai, asile mbaazi, mpaka shetani wake aridhike. Basi kile kidogo kilichokuwa kikimshikilia nacho kikaondolewa, tena kwa jina la tiba. Mama alitii. Alikula ugali kwa chumvi, akapalilia, akazidi kukonda na kuzidi ukali, hata siku moja akamrushia baba upawa mbele ya wageni. Asubuhi yake baba alifunga nguo za mama kwenye khanga. Tulijua maana yake: si kila mke anayerudishwa kwao hurejea.

Nilifuatana nao hadi Kilangala, kwa bibi mzaa mama. Baba alisimama uani. "Shikamoo, mama. Mwanao ana shetani, mimi nimeshindwa."

"Marahaba," bibi alijibu, huku akimtazama mama mifupa ya shingo. "Amekula nini leo?"

Baba akaanza kueleza habari za mwiko. Bibi hakubishana naye. Aliingia jikoni, akatoka na mbaazi za nazi na samaki, akaketi kumlinda mama mpaka sahani ikaisha. Kisha akamtandikia mkeka, akatukataza kumwamsha.

Mama alilala mchana kutwa. Siku zilizofuata zilikwenda hivyo hivyo: uji asubuhi, maji, chakula cha mchana, usingizi. Siku nyingine bado alilia. Lakini kabla mwezi haujaandama alinitania kuhusu pengo langu la meno, nami nikaangua kilio kwa furaha. Baba alipokuja kumchukua alishukuru kwamba shetani ametoka. Mama akamwambia mbele ya bibi, "Hakukuwa na shetani, baba Zuhura. Nilikuwa na njaa." Baba aliinamisha kichwa. Kisha akabeba furushi la nguo zake, tukarudi nyumbani.

Sasa nakaa Lindi mjini, na nimesikia wanayosema wataalamu: ubongo nao hula, tena hula sana, na ukinyimwa chakula na usingizi humtia mtu hasira, huzuni na usahaulifu. Si kila huzuni ni njaa, na mgonjwa asiache hospitali kwa maneno yangu. Ila nikijiona nafoka bure kazini, hujiuliza kwanza nimekula nini tangu asubuhi. Wanangu wanafundishwa hayo shuleni. Mama alifundishwa na mwili wake. Siku hizi anaishi nami, na chakula kipo. Nampakulia yeye kabla ya mtu yeyote. Hushika sahani bila kula, akatutazama mmoja mmoja: "Mmekula?" Maisha yake yote ameuliza swali hilo, na mpaka siku ile Kilangala hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza kama yeye amekula.