Ubeti wa Kurudi Nyumbani

Ilikuwa 2017 au 2018, sikumbuki sawasawa, lakini zile bendera za kijani nazikumbuka moja moja kwa sababu nilizishona mwenyewe. Mama mmoja wa Kiairishi alikuja kwenye chumba changu cha ushonaji, huku ugenini Doornfontein, akitaka bendera za sherehe ya mashujaa wa kwao: waimbaji, washairi, wachezaji. Kila bendera jina la mtu. Nikamuuliza kama wote wamekufa. Akasema wengi wao. Niliona wivu, sitaficha. Papa, baba yangu mzazi, alitunga nyimbo kwetu Kalemie maisha yake yote, na hakuna aliyemshonea hata leso.

Siku ya sherehe akanialika ukumbini, karibu na tunapokaa, Bertrams. Nilikwenda na binti yangu, mzaliwa wa hapahapa, ambaye nikimsemesha Kiswahili chetu, cha “njo” badala ya “ndiyo”, hunijibu Kizulu au Kiingereza, kama atakavyoamka.

Wale watu wana desturi moja: anayemaliza kuimba humwita mwingine, na aliyeitwa hakatai. Husimama palepale kwenye kiti chake. Mmoja alighani shairi, mwingine akamsifu mchezaji wao wa zamani. Kisha akaitwa mzee mwenye koti lililompwaya mabegani; jicho la fundi halipumziki. Alifumba macho akaimba bila ala yoyote. Sikuelewa neno hata moja, ila nilijua anaimba juu ya kwao, na machozi yakanitoka. Na ukumbi mzima kimya, mikono mapajani! Watu gani hawa? Mtu anawapasulia kifua, nao wanamtazama tu. Mkono mtupu haulambwi. Nikatoa noti pochini, nikaenda mbele nikicheza taratibu kama tunavyofanya kwetu, nikambandika kwenye paji la uso.

“Eish, mama! Kaa chini!” binti yangu alipiga kelele kwa Kiingereza.

Mzee akanyamaza. Akaibandua noti, akaniuliza ni ya nini. Kwa Kiingereza changu cha zipu na vifungo nikamweleza kwamba kwetu mwimbaji akikugusa moyo, unamtuza. Akacheka mpaka akakohoa, akaitia mfukoni, akaumalizia wimbo wake. Halafu akaninyooshea kidole mimi.

Nikaimba wimbo wa papa, aliomtungia kipa wa timu ya mji wetu. Katika ubeti wa kwanza kipa anapanda treni kwenda kucheza ugenini, na mji mzima umemsindikiza stesheni. Ubeti wa pili ni wa kurudi: amefungwa mabao, lakini wanambeba mabegani hadi kwa mama yake. Habari ya ubeti huo ninayo. Maneno ndiyo yalipotea zamani, na siku nilipogundua, papa alikuwa ameshazikwa na mimi niko huku. Kuuliza si ujinga, lakini ningemuuliza nani tena? Nikaishia pale treni inapoondoka. Wakanipigia makofi. Hawakujua kwamba mtu wetu hajarudi.

Ikawa zamu yangu kuita. Nikamwita binti yangu. Nilitamani tu kumsikia, hata angeimba wimbo wa redioni.

“Mama, no. Sijui wimbo,” akajibu, bado kwa Kiingereza.

“Mmoja tu, mama,” nikambembeleza.

Akasimama, akivuta mikono ya sweta. Akaanza, kwa Kiswahili, wimbo wa papa. Sikuwahi kumfundisha. Aliuokota tu nikiuimba kwenye cherehani. Matamshi yake yalikuwa ya Kizulu, lakini kila kitu kilikuwamo: treni, stesheni, glavu za kipa. Nilifurahi mpaka nikaishika bendera iliyokuwa karibu. Na kama mwendawazimu nikaanza kuungojea ubeti wa pili, eti labda yeye anao.

Treni ikaondoka. Akanyamaza, akakaa.

Yule mzee akaja na noti yangu, akambandika kwenye paji la uso. Watu wakashangilia. Nikamwinamia mwanangu.

“Mbona umeishia hapo?”

Akanitazama kwa mshangao, akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

“Si njo inaishiaka hapo, mama?”