Kayak ya Mirengu na Sahani ya Unga

Siku yangu ya kwanza kazini kama logisticien, yaani msimamizi wa usafiri na mizigo, Directeur wa ofisi yetu ya elimu pale Goma alinipeleka hadi ukingo wa ziwa, akanionyesha chombo chembamba chekundu kilicholazwa juu ya mawe ya volkano. Ilikuwa kayak ya tanga, ya plastiki na ya watu wawili, ambayo Mzungu mmoja aliiuza alipokuwa akikimbia vita. Kila ubavu ulikuwa na mrengu, yaani boya refu linaloshikwa na fito ili chombo kisipinduke.

"Logisticien, hii ndiyo gari yako," alisema.

Nilikuwa nimetoka kuchukua diploma, na kichwa changu hakikujua kupumzika. "Na upepo ukikosa, Bwana Directeur?"

"Utapiga kafi."

"Na kafi ikivunjika?"

"Uko na mikono. Mutu gani huyu, anazama na bado yuko inchi kavu?"

Ninyi vijana leo mnaagiza spea kwa simu. Wakati ule barabara zilifungwa, wakimbizi wamejaa hadi Mugunga, na spea ilikuwa ile uliyoitengeneza mwenyewe. Fito za aluminiamu zilikuwa zimepinda. Niliweka za mianzi, nikazikaza kwa mipira ya ndani ya matairi. Tanga lilishonwa upya na mama mmoja wa cherehani kule Murara, aliyeniuliza ni jitu gani linaloshonewa shati. Mawe yalipotoboa tumbo la kayak, niliyeyusha plastiki ya bidoni, dumu la njano la maji, kwa chuma cha moto, nikaziba. Baada ya misimu michache chombo chetu kilikuwa na madoa kama chui, na tumbo lake halikuvuja.

Kilichoninyima raha ni sanduku la nyuma, chumba cha mizigo chenye mfuniko na mpira wa kuziba. Maji kidogo hayaonekani mle ndani. Kwa hiyo kila jioni niliiacha kayak ikielea, na humo ndani sahani ya unga mkavu wa fufu. Asubuhi unga ukigandamana, nilijua unyevu umeingia. Wenzangu walinisalimia: "Logisticien, samaki wameshiba?"

Mwaka mmoja mapigano yalikata barabara ya Sake siku moja kabla ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Shule moja ng'ambo ya ghuba ilikuwa na finalistes, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, waliokuwa wakingoja. Bahasha za mtihani zisipofika, au zikifika zimelowa, mwaka wao ulikuwa umepotea. Inspecteur wa mitihani, aliyepaswa kuzipeleka, alikuja asubuhi nazo katika kifurushi chake. Nilipofungua sanduku, unga ulikuwa umegandamana upande mmoja.

"Hatuondoki," nilisema.

"Kwa sababu ya fufu?" Directeur aliuliza.

"Kwa sababu ya maji, Bwana Directeur."

"Ziwa sasa limetulia. Ukikawia, upepo wa mchana utawakuta katikati. Umefikiria hiyo?"

"Nimeifikiria tangu nilipoamka. Upepo nitapigana nao. Karatasi ikilowa, sina la kufanya."

Alinitazama, akatazama ziwa. "Fanya mbio, basi."

Nilikata mpira mpya kutoka tairi la pikipiki, nikaupachika, nikaweka ndani sahani ya unga mwingine mkavu, nikamwagia mfuniko maji kwa ndoo hadi mabega yakauma. Nilipofungua, unga ulipita kati ya vidole vyangu kama vumbi.

Inspecteur alikuwa amekalia kifurushi chake. "Sasa weye, unga umetoa ruhusa?"

"Umetoa, Papa Inspecteur."

Upepo ulitukuta kweli katikati ya ghuba. Mawimbi yalifunika sehemu ya nyuma, mrengu wa kulia ukazama hadi fito zikalia.

"Tunaanguka," Inspecteur alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, Papa. Tunaegemea tu. Acha kamba ya tanga, kamata kafi."

Tulifika tumelowa hadi mifupa. Préfet, mkuu wa shule ile, aliteremka ufukweni, finalistes wakimfuata. Nilifungua sanduku. Inspecteur alijifuta mikono kwa shati la Préfet, akapitisha kiganja juu ya bahasha moja baada ya nyingine.

"Kavu," alisema, na vijana wale wakaanza kucheka, wengine wakikumbatiana. Kesho yake waliandika mtihani wao.

Nilifanya kazi chini ya wakurugenzi wengine, nikakabidhiwa mitumbwi ya mota, kisha nikastaafu. Sikupewa sherehe. Lakini nikikutana sokoni na daktari au mwalimu wa rika lile, mzaliwa wa ng'ambo ile ya ghuba, simuulizi diploma yake ilipitia wapi. Ninamsalimia, ninanyoosha mgongo, ninapita.