Nilikuwa nachuja wapangaji kwa message ya kwanza. Oneni kilichompata mtoto wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo anayetaka kubembelezwa aruke huu uzi. Haya yote yalinipata mimi mwenyewe, na message ziko kwa simu mpaka saa hii. Sijafuta hata moja.

Niko Migori, nje kidogo ya town. Nina msichana mmoja, Shantel, miaka minne. Mume wangu ni fundi wa ujenzi, kazi humpeleka mbali, anarudi mara moja moja. Kwa hii story hayuko sana.

Tulijenga vyumba vitatu kwa mstari mmoja. Mabati juu, hakuna ceiling. Kuta za katikati zinafika mahali zinaachwa, juu ni wazi. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anakuambia pole.

Mimi na Shantel tunakaa cha kwanza. Cha mwisho kina mwalimu. Cha katikati ndicho kilikuwa empty, nikaweka kibao kwa gate na namba ya WhatsApp.

Hapa ndipo nyinyi wakuu mnaingia.

Kuna uzi ulikuwa humu, landlord mmoja akaeleza venye message ya kwanza inakuonyesha mpangaji ni mtu wa aina gani. Mkamshangilia. Na mimi nikameza hiyo advice mzima mzima.

Nikaanza kuchuja. Mtu akiandika "niaje" pekee, simjibu. Akiuliza bei kabla ya salamu, simjibu. Akituma voice note, sisikilizi. Niliona nimekuwa mjanja sana. Simu ikilia naichukua kama hakimu.

Kuna mama alituma message ndefu kama barua ya kuomba kazi.

"Madam mimi nauza omena sokoni, jioni narudi na gunia, harufu siwezi kuficha. Niko na watoto wawili, mdogo analia sana anaota meno. Bwana hayuko. Naomba nyumba, nitakaa vizuri na wewe."

Nilicheka, wakuu. Nikasema huyu si mpangaji, huyu ni soko la dagaa na nursery pamoja. Nikamjibu imechukuliwa. Haikuwa imechukuliwa.

Na mimi mwenyewe niko na mtoto na bwana hayuko. Sijui nilikuwa najiona nani.

Siku mbili baadaye Dan akaandika. Naicopy hapa vile ilivyo, someni pole pole kuliko nilivyosoma mimi.

"Shalom mama. Samahani kwa kukusumbua. Naitwa Dan, ni kijana wa Sabato, sinywi, sivuti, sipigi muziki. Niko peke yangu, sina wageni. Nafanya biashara. Ningependa kujua, je, juu kuna ceiling ama hewa inapita? Pia, ukiniruhusu, huwa natumia jiko la makaa ndani ya nyumba mchana. Kama hairuhusiwi nitaelewa. Ubarikiwe."

Kilichonimaliza ni hiyo "ukiniruhusu".

Mimi tangu nianze kukodisha vyumba hakuna mtu alikuwa ameniomba ruhusa ya kitu. Watu huingia na mbuzi. Huyu anaomba ruhusa ya jiko!

Nikamjibu hivi: "Karibu sana Dan. Hakuna ceiling, hewa inapita vizuri mpaka kwangu. Jiko tumia tu."

Hapo kwa "mpaka kwangu" nikaweka na emoji ya kucheka.

Biashara gani, sikuuliza. Ningeuliza aje mtu amesema shalom?

Na alikuwa mpangaji mzuri, siwezi danganya. Anafagia mpaka mbele ya mlango wangu. Jumamosi amepiga shati nyeupe, Biblia kwapani. Shantel akimwona anamkimbilia, "Anko Dan! Anko Dan!" na yeye anampatia mandazi.

Mchana karibu kila siku alikuwa anafunga mlango, nasikia makaa yanapasuka, nusu saa hivi, kisha anatoka anaenda zake. Nilijua anapika. Mwanaume peke yake atakula nini kama hapiki? Harufu ilikuwa ya makaa tu. Hakuna kitu kingine kilinuka.

Mwezi wa pili tangu Dan aingie, Shantel akaanza kubadilika.

Kwanza ni kulia. Si kulia ya kutaka kitu. Unamshika analia, unamwachilia analia. Halafu jasho, mtoto analowa kama ametolewa kwa maji. Chakula anatema. Mate yanamtoka kama mtoto wa miezi sita. Vidole vya mikono na miguu vikawa pinki, kisha ngozi ikaanza kutoka kama ya viazi vya kuchemsha.

Clinic ya kwanza wakasema malaria. Ya pili typhoid. Ya tatu wakasema ni sabuni ninayofulia, nibadilishe. Nikabadilisha sabuni.

Alifika mahali anakaa kwa sakafu, kichwa katikati ya magoti, hataki mtu.

Nikapigia mama mkwe, yuko Rangwe. Huyu mama ananiita nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kwa sababu kwetu ni Rusinga, na akiwa na hasira analivuta hilo jina mpaka linafika ng'ambo.

"Nyar Ruuusinga. Mtoto amekonda?"

"Amekonda, mama."

"Nilikuambia. Mlijenga hizo nyumba Migori, nani alisimamisha nguzo ya kwanza?"

"Fundi."

"Na bwana yako alikuwa wapi?"

"Kazini, mama. Lakini hizo ni nyumba za kukodisha, hapo ni town, si boma."

"Wewe unalala wapi?"

"Hapo."

"Basi ni boma. Hiyo ni chira. Lete mtoto."

Kwa wale si wa huku, chira ni ugonjwa unaokukausha kwa sababu mila imevunjwa nyumbani. Mwanamke akijenga na bwana hayuko, wazee wanasema italipuka kwa watoto. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa, lakini kwa mambo ya chira kanisa linangoja nje.

Nilikuwa nimechoka. Nikafunga nyumba nikaenda Rangwe. Akaleta mzee mwenye manyasi, ile dawa ya mizizi ya kuondoa chira. Shantel akanyweshwa, akaogeshwa nayo.

Na akapata nafuu.

Sikilizeni, hapa ndipo paliponimaliza. Wiki ya kwanza akaanza kulala. Ya pili akaomba uji. Ya tatu akafukuza kuku wa nyanya yake mpaka kwa shamba la jirani. Mama mkwe alikuwa anatembea hapo boma kama mtu aliyeshinda kura.

Nikarudi Migori na mtoto wangu. Dan akatupokea na mandazi.

Wiki tatu hazikuisha. Jasho, mate, vidole. Yote ikarudi, na sasa mikono ilikuwa inatetemeka. Kikombe anashika na mikono miwili na bado chai inamwagika.

Mama mkwe kwa simu: "Umeona? Akiwa kwangu ni mzima. Akiingia kwa hiyo nyumba yako anaugua. Sasa ni nini, kama si nyumba?"

Wakuu, huyo mama alikuwa amesema ukweli na hakuna mtu alijua, hata yeye mwenyewe.

Nikabeba mtoto nirudi kwa manyasi. Lakini pale Rodi, mahali pa kukata kwenda Rangwe, moyo ulikataa. Nilinyoosha mpaka Homa Bay, nikaingia hospitali.

Nilipata daktari kijana. Hakuuliza habari ya homa kwanza. Alishika mkono wa Shantel akaugeuza, akaangalia kiganja, akaangalia fizi, akamwambia anyooshe vidole. Vikatetemeka.

"Mama, mnakaa wapi?"

"Migori."

"Kuna mtu anachoma dhahabu hapo kwenu?"

"Hapana. Hapo ni plot tu, daktari."

"Nilifanya kazi upande wa machimbo, hii mikono nimeiona huko. Jirani yako anafanya kazi gani?"

"Anafanya biashara."

"Biashara gani?"

Nikasema sijui. Mtu nimeishi na yeye ukuta mmoja, na sijui anauza nini.

Akanieleza. Wachimbaji wanachanganya ule mchanga wa machimbo na mercury, yaani zebaki, ndio dhahabu ishikane. Halafu mtu anaichoma kwa moto, mercury inapaa kama hewa, dhahabu inabaki. Hiyo hewa ni sumu. Haionekani, hainuki. Mtoto mdogo inampata haraka kuliko mtu mzima. Akamlaza wodini, akachukua damu na mkojo vikapelekwa mbali kupimwa, akasema lakini mtoto asirudi kwa hiyo nyumba hata siku moja.

Nilikaa kwa benchi nikafungua WhatsApp. Nikasoma tena message ya Dan. Juu kuna ceiling ama hewa inapita.

Huyu mtu alikuwa ananiuliza sumu yake itatokea wapi. Na mimi nikamjibu itatokea kwangu. Na nikacheka.

Mama mkwe akaja kukaa na mtoto wodini. Mimi kesho yake mchana nikaenda Migori. Jiko lilikuwa linawaka, nasikia kutoka nje.

"Dan, fungua."

"Mama Shantel! Karibu. Mtoto anaendeleaje?"

"Unachoma nini humu?"

"Ka-kitu kadogo tu, mama."

"Ka-kitu gani?"

"Dhahabu. Nanunua kwa vijana wa machimbo. Si kila siku. Nikichomea huko wanaibia watu."

"Na mercury?"

"Hiyo inapotea na moto. Inaisha."

"Inaisha ikienda wapi?"

Aliangalia juu, pale ukuta unapoachia. Na mimi nikaangalia.

Halafu akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Lakini mama, si nilikuuliza? Mimi sikuingia na nguvu. Niliomba ruhusa na wewe ukasema hewa inapita mpaka kwako."

Alitoa simu akanisomea. Message yangu. Mpaka mahali pa emoji.

Nilichukua hilo jiko na makaa yake nikarusha nje ya gate. Kijiko alichokuwa anachomea kikaenda pia, na dhahabu yake. Alitoka mbio akaenda kutafuta kwa nyasi na mikono. Mtoto wangu hawezi kushika kikombe, na yeye yuko magoti anatafuta dhahabu kwa nyasi.

Nikamwambia nikihesabu mpaka kumi na bado yuko, naita vijana wa stage ya boda. Alibeba vitu vyake. Akiondoka akaniambia, "Mungu akusamehe hiyo hasira." Sijui mnaelewa. Yeye ndiye ananiombea msamaha.

Mwalimu wa chumba cha mwisho akaniambia amekuwa akiumwa na kichwa miezi yote hiyo, akafikiri ni kelele za wanafunzi wake wa Form Two.

Majibu ya vipimo yalirudi vile daktari alivyosema. Shantel anaendelea vizuri, analala, anakula. Mikono bado inatetemeka kidogo. Daktari anasema huenda itaisha, tungoje. Nimeshika hiyo "huenda" kwa sababu hakuna kingine amenipa.

Mama mkwe hajabadilika. Kwake ni chira, na mercury ni jina la kizungu la chira. Baba Shantel naye aliniambia kwa simu ningeangalia vizuri mtu ninayeweka. Nikamkatia.

Somo langu ni hili. Heshima ya mtu kwa message haikuambii kitu juu ya mikono yake. Acha kupima salamu. Soma kile anachouliza, kwa sababu mtu huuliza habari ya kitu anachotaka kufanya ndani ya nyumba yako. Mtu akiuliza juu ya hewa, muulize ni ya nini. Akisema biashara, muulize ya kitu gani, umuone kwa macho, uone anachobeba. Na anayekuambia mabaya yake yote mwanzoni, huyo angalau unajua unalala karibu na nini.

Sasa jana.

Kuna dada aliandika. "Hi, room bado iko? Niko na baby wa miezi mitano. Ni safi?"

Chumba kimepigwa rangi. Ukiingia utapenda. Nilikaa na hiyo message asubuhi yote. Baba Shantel akasema nimjibu ni safi, hiyo rangi ni mpya.

Nikamwandikia ukweli wote, kilichochomwa hapo na kilichompata mtoto wangu. Blue ticks. Kisha akauliza, "Na wewe bado unaishi hapo na mtoto?"

Nikamjibu. Mimi ndiyo. Mtoto hapana.

Shantel yuko Rangwe kwa nyanya yake. Kila Ijumaa naenda kumwona kama mgeni, nimebeba mkate, na Jumapili nikiondoka hata halii tena, amezoea. Mimi narudi kulinda vyumba.

Kwa hivyo wakuu, naomba kujua. Kuna mtu amewahi kusafisha mercury kwa nyumba ya simiti na mabati mpaka mtoto akarudi kulala? Mlimwita nani? Ama ni kubomoa? Msiniambie habari ya rangi na Jik.

Anayejua aandike. Na anayetaka kunitusi kwa kumchagua Dan pia aandike, nimeshajitusi vya kutosha, mmoja zaidi hataniua.