Kitanda cha Pili cha Bi Mwanaisha

Mimi ni Beatrice, mama Kelvin, mwenye duka la steshenari pale Chuno, Mtwara mjini. Natoa fotokopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu kwenye mtandao. Kwetu ni Bukoba. Huku nilimfuata mume wangu anayefanya kazi bandarini, na miaka kumi na minne nimejidanganya kwamba nawajua watu wa hapa. Siwajui. Bi Mwanaisha ndiye aliyenionyesha, na mpaka leo sijaamua nimkasirikie yeye au nijikasirikie mwenyewe.

Bi Mwanaisha ni mjane wa Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma. Ana mikorosho yake, shamba la muhogo na goti linalomsumbua wakati wa mvua. Alizaa watoto watatu, akazika wawili. Aliyebaki ni Husna, anayetunza wazee huko Oslo, Norwe. Miaka kumi na moja hawajaonana. Mwanzo Husna alibanwa na vibali, baadaye akabanwa na kazi.

Mwaka jana Husna akanitumia ujumbe nimsaidie kumsafirisha mama yake. Bi Mwanaisha hajui kusoma, na habari ya kubadilisha ndege hapa na pale ilimtia hofu. Basi Husna akapanga hivi: mama ashukie Kopenhageni, Denmaki, yeye aje kumpokea hapohapo, kisha wote wawili wapande meli ya usiku mpaka Oslo. "Chukua chumba cha vitanda viwili," akaniandikia. "Nikifika Oslo naingia zamu. Nataka usiku mmoja mzima wa kulala karibu na mama yangu."

Kazi ile niliipenda, siwezi kukataa. Nimekulia kwenye meli za ziwani, Bukoba kwenda Mwanza, tukilala juu ya mikungu ya ndizi. Nikachapa picha za chumba kwa rangi na kumwekea Bi Mwanaisha mezani. Alizitazama kama anayekagua nyumba ya posa.

"Choo kipo humohumo ndani?"

"Humohumo, mama."

"Na meli ikigeuka, kibla nitakijuaje?"

Hilo lilinishinda, mimi Mkristo. Nikamwambia kwamba Husna atajua. Akaweka kidole kwenye kitanda kilichokuwa karibu na mlango. "Hiki changu. Yeye alale kule ndani. Utotoni alikuwa akikoroma, sijui kama ameacha." Kila alipokuja mjini alipitia dukani kwangu kukiangalia kitanda chake. Alishapanga hata mzigo: korosho, na ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo Husna alikuwa akivililia kwenye simu. Nikamweleza kwamba ming'oko haitafika mizima. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa ndizi, ming'oko naijulia wapi.

Makaratasi nayo niliyapanga vizuri, nasema hivyo bila aibu. Kulikuwa na tatizo moja tu. Cheti cha kuzaliwa cha Husna kiliandikwa Tatu Salumu, na pasipoti yake ni Husna Salumu. Jina la Husna alipewa alipotoka unyagoni, na ndilo alilosomea. Nikaenda kwa wakili, tukapata hati ya kiapo kwamba Tatu na Husna ni mtu mmoja. Bi Mwanaisha akaweka dole gumba. Nilimsomea? Sikumsomea. Nilikuwa na foleni ya wanafunzi, nikamwambia, "Ni mambo ya cheti tu, mama, weka hapa."

Akaenda Dar es Salaam kwenye mahojiano ya viza. Alirudi amenyamaza, na wiki tatu baadaye jibu likaja: amekataliwa. Sababu ilikuwa kwamba mwombaji ameshindwa kuthibitisha kuwa anayemwalika ni mtoto wake.

Nikapandwa na hasira. "Mama, walikuuliza nini?"

"Aliniuliza kijana mmoja nyuma ya kioo. Eti, Tatu Salumu ni nani kwako? Kwa sauti, watu wote wanasikia."

"Ukasema?"

"Nikasema simjui. Hakuna mtu huyo."

Nilikaa chini. Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto mjinga. Msichana akishachezwa unyago, jina la utotoni linabaki hukohuko. Kulitamka tena ni kumtukana mtu mzima, na mama mzazi kumtukana bintiye mbele ya mwanamume mgeni ni aibu isiyofutika. Akikasirika husema kwa lugha ya kwao, *nangu*, yaani mimi. "Nangu nimvue nguo mwanangu, ili nipande meli?"

Ningeweza kumwandaa. Dakika tano tu za kumuuliza, Tatu ni nani, zingetosha. Mimi nilikuwa nahangaika na picha za vitanda. Rufaa tuliiandika, lakini siku ya meli ilifika kabla ya jibu, na tiketi haikubadilishika.

Husna alikwenda peke yake. Alishaomba likizo ile, na kukaa chumbani Oslo akilia, alisema, asingeweza. Alasiri ile Bi Mwanaisha alikuwa dukani kwangu, amevaa baibui alilokuwa ameliandaa kwa safari. Simu ikaita, sura ya Husna ikatokea. Meli ilikuwa haijaondoka bado. Akageuza simu, tukakiona chumba kama kilivyokuwa kwenye picha zangu. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa kimetandikwa, shuka jeupe, halijaguswa.

"Mama," Husna akasema, "kwa nini uliwaambia hunijui?"

"Nilikustahi, mwanangu. Walitaka nikuite lile jina."

Husna akaigeuza simu tena, akakaa kwenye kitanda chake. Akacheka kidogo, halafu akaanza kulia. "Mama, huku wote wananiita hivyo. Kazini, majirani, wote. Niliwaambia mwenyewe waniite Tatu, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukiniita wewe."

Bi Mwanaisha alikitazama kile kitanda kitupu nyuma ya Husna, kisha akanirudishia simu bila kumuaga mwanawe.

"Mama Kelvin," akasema, "na kile kiapo chako, mule ndani lile jina lilikuwa limeandikwa?"

Nikamwambia ndiyo, liliandikwa mara nne.

"Na dole niliweka mwenyewe," akasema. Akaenda zake stendi kutafuta gari la Mahurunga.