Kazi Anayofanya Josephat

Wazazi wao walipofariki, Modesta Shigela alimlea mdogo wake Josephat kwa cherehani aliyoiweka barazani, Mkolani. Alishona sare za shule mpaka kijana akamaliza chuo. Kwa hiyo Josephat alipotaka kumposa Sabina, binti wa Mzee Ndalahwa wa Usagara, Modesta ndiye aliyesimama mahali pa baba na mama. Alijua ataulizwa mengi, ila swali moja lilimnyima raha: mdogo wake anafanya kazi gani hasa?

Kila siku alimwona chumbani na kompyuta mapajani. Mshahara ulitoka kwa watu wa nje ambao Modesta hakuwahi kuwaona. Siku moja aliacha kushona, akaenda kuketi kando yake.

"Nieleze kazi yako, niweze kuisema mbele za watu."

Josephat alifurahi. "Nimetengeneza programu, dada. Inachukua takwimu za itifaki."

Modesta akashusha pumzi. Itifaki aliijua, kila mgeni rasmi akisimama kuhutubia husema imezingatiwa. "Kumbe unawapangia viongozi viti?"

"Hapana. Hizi ni itifaki za fedha. Ni kanuni zilizoandikwa ndani ya kompyuta. Watu wanaweka fedha humo, wengine wanakopa, na hakuna benki katikati."

"Meneja ni nani?"

"Hayupo."

"Ofisi iko wapi?"

"Haipo, dada."

Akamgeuzia kompyuta, akaandika jina la itifaki mojawapo. Tarakimu zikateremka mstari kwa mstari. "Hii ni thamani ya fedha zilizofungiwa humo leo. Hizi ni ada walizolipa watumiaji. Nikitaka za mwaka jana, programu inaniletea."

"Zimefungiwa? Kwa kosa gani?"

"Hazina kosa. Zimewekwa tu. Wala mimi sizigusi, naleta habari zake kwa wanaotaka kujua itifaki ipi inakua na ipi inakimbiwa."

Modesta alirudi kwenye cherehani akiwa hajui kama ameelewa au amekariri. Jioni hiyo alilazimika kufumua kola aliyoishona nje ndani.

Siku ya posa alikwenda Usagara na mshenga, Pius, fundi seremala jirani yao. Baada ya salamu na chakula, Mzee Ndalahwa aliuliza kwa upole, "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

Pius akamtazama Modesta.

"Anachukua takwimu za fedha za watu," alisema Modesta.

Shangazi wa binti, Paskazia, aliweka kikombe chini. "Anachukua fedha za watu?"

"Takwimu, mama. Fedha zenyewe zimefungiwa."

"Na aliyezifunga ni polisi?"

Kila alivyofafanua, mambo yalizidi kuharibika. Aliposema hakuna meneja wala ofisi, aliisikia sauti yake mwenyewe ikifanana na ya matapeli wanaopita mitaani.

"Posa sijaikataa," alisema Ndalahwa. "Lakini siwezi kumwoza binti yangu kwa mtu ambaye hata dada yake haelewi anachofanya. Mlete mwenyewe."

Wiki iliyofuata Josephat alifika Usagara na dada yake, akawaamkia wazee, akaweka kompyuta juu ya kigoda na kueleza yote upya. Mzee alisikiliza, uso umekunjamana.

"Nionyeshe itifaki moja iliyokufa," alisema mwishowe.

Josephat aliandika jina jingine. Ukatokea mstari uliopanda kama mlima, kisha ukaporomoka mpaka chini kabisa.

"Fedha za watu zilikwenda wapi?"

"Waliowahi kutoa walizipata. Za waliobaki sijui, mzee. Programu inaonyesha zilivyopungua, haisemi kwa nini."

"Na wewe umeweka zako humo?"

"Hapana."

Ndalahwa alimgeukia Sabina. "Wewe umeelewa?"

"Nusu, baba."

"Mimi hata nusu sijafika," alisema mzee. "Lakini nimemuuliza asilolijua, akasema hajui. Leteni watu tupange mahari."

Paskazia alipiga kigelegele, ingawa baadaye jikoni alimuuliza Modesta tena kama kweli polisi hawahusiki. Modesta alimwambia kwamba kwa kadiri anavyofahamu, hawahusiki.

Wakati wa kurudi, Josephat alizungumzia arusi tu. Modesta alitembea akitazama barabara.

"Dada, hukufurahi?"

"Nimefurahi. Ila ule mstari ulipoporomoka, nikajua kumbe humo ndani mna watu. Siku zote nilidhani ni namba tu. Hao waliobaki, hakuna wa kumwendea kumuuliza?"

"Wengine huandikiana mtandaoni. Hakuna anayewajibu."

Modesta alijaribu kuwafikiria, watu asiowajua, wa nchi asizozijua, wanamuuliza mtu ambaye hayupo. Akashindwa. Walipofika Mkolani bado alikuwa akilifikiria jambo hilo, na alipolivuka geti la nyumba yake bila kuliona, Josephat ndiye aliyemwita arudi.